Kulala nje wikendi: kabla ya kusimamisha hema, ujue mazuku

Tulikuwa marafiki sita. Jumamosi moja ya kiangazi tulitoka Goma kwa miguu, tukafuata barabara ya Sake, halafu tukakata kushoto kuelekea ziwa, upande wa Bulengo. Kila mtu na mzigo wake: hema mbili za kuazima, shitingi moja, sufuria, unga, sambaza zilizokaangwa, bidoni ya maji. Jioni tukapata fasi iliyotupendeza: shimo pana katikati ya mawe ya volkano, chini tambarare, majani ya kijani, na upepo haufiki.

Tulipoanza kufungua mizigo, mama mmoja aliyekuwa anatoka shambani alisimama juu yetu. Akasema: "Apa hapana, batoto yangu. Mbuzi ikilala apa, haiamukake. Mupande kule juu."

Tulicheka kidogo, lakini tukahama. Wengi tumekulia huku tukisikia neno mazuku, ila si wote tunajua linaua namna gani. Na kwa kuwa wanafunzi, waskauti na vikundi vya vijana wanapenda kwenda kutembea na kulala nje, ni muhimu kuelewana.

Mazuku ni nini?

Wazee wanasema ni pepo mbaya. Ni gesi ya kaboniki, ile ile tunayoitoa tunapopumua, na ile inayotia povu ndani ya vinywaji vya chupa. Inatoka ndani ya udongo wa volkano zetu, Nyiragongo na Nyamulagira, inapita katika nyufa za mawe, inafika juu. Kati ya Goma na Sake, na kandokando ya ziwa upande wa kaskazini, nyufa hizo ni nyingi.

Haina rangi wala harufu. Na ni nzito kuliko hewa ya kawaida, karibu mara moja na nusu. Kwa hiyo haipandi kama moshi. Inashuka na kujaa ndani ya shimo, sawa na maji ndani ya beseni.

Katika hewa ya kawaida, gesi hiyo ni karibu 0,04 tu kwa 100. Ndani ya mazuku inaweza kupita 10 kwa 100. Hapo mtu mzima anapoteza fahamu kwa dakika chache. Ikizidi sana, pumzi chache zinatosha.

Watu wengine wanachanganya mazuku na gesi iliyo chini ya Ziwa Kivu. Gesi ya ziwa imefungwa kwenye maji ya kina kirefu, mazuku inatoka kwenye nchi kavu. Lakini namna ya kuua inafanana na kilichotokea Kameruni mwaka 1986, wakati ziwa Nyos lilipotapika gesi ya kaboniki usiku. Ilishuka mabondeni na kuua watu karibu 1.700, wengi wakiwa wamelala.

Kwa nini usiku?

Mchana jua linapasha udongo moto na upepo unavuruga hewa, gesi inatawanyika. Usiku baridi inashuka, upepo unatulia, gesi inajikusanya. Mbele ya jua kutoka ndiyo wakati mbaya zaidi. Kwa hiyo mtu anaweza kupita fasi moja saa nane ya mchana, akapiga na picha, asisikie kitu. Akirudi kulala hapo usiku, anakufa.

Tena, kimo kinahesabika. Mtu mzima akisimama, kichwa chake kinaweza kuwa juu ya gesi, huku mtoto anayemshika mkono yuko ndani yake. Mbwa, mbuzi na watoto wanatangulia kuanguka. Na anayelala kwenye mkeka ameweka pua yake pale pale gesi inapokaa.

Kuchagua fasi ya hema

Kwanza, uliza wenyeji: chefu wa kijiji, wavuvi, wamama wa mashamba. Wanajua mashimo yao moja moja, na watakuambia pia kama njia ni salama. Pili, lala juu, fasi iliyo wazi na yenye upepo, hata kama inasumbua. Tatu, ukiona ndege, panya au mijusi waliokufa bila kidonda, ondoka.

Kuna wanaoshusha kibiriti au mshumaa ndani ya shimo. Moto ukizimika, ni onyo kubwa. Lakini ukiendelea kuwaka, usiseme fasi ni salama: gesi inaweza kumwangusha mtu kabla haijazima moto. Na kitambaa chenye maji puani hakisaidii, gesi inapita.

Mwenzako akianguka

Hapa ndipo watu wanakufa wawili, watatu. Mmoja anashuka kuteka maji au kukata kuni, anaanguka. Rafiki anakimbia kumwinua, anainama, na yeye anabaki.

Usishuke. Najua ni vigumu kumwangalia ndugu yako amelala pale chini. Lakini ukianguka na wewe, hakuna atakayewaokoa. Kama bado anasikia, mpigie kelele apande. Mtupie kamba, ajifunge, mumvute mkiwa juu. Iteni wenyeji. Akishatolewa, mpelekeni fasi yenye upepo. Kama hapumui na kuna anayejua kumpulizia pumzi, aanze mara moja, na muende hospitali hata kama ameamka.

Na babula ndani ya hema?

Milimani baridi ni kali. Kila unapopanda metre 1.000, joto linapungua karibu digri 6, na ncha ya Nyiragongo iko metre 3.470. Ndiyo maana wengine wanaingiza babula ndani ya hema na kufunga mlango. Makala mekundu, hata bila moshi, yanatoa gesi nyingine, monoksidi ya kaboni. Hii haikai chini tu, inajaa hema lote. Kichwa kinauma, unasikia kichefuchefu, usingizi unakuja, na hauamki. Babula ibaki nje, hata ikiwa imebaki majivu ya moto. Beba blanketi ya pili na soksi kavu.

Sisi Jumamosi ile tulilala juu. Upepo ulipiga hema usiku kucha, hakuna aliyepata usingizi mzuri. Asubuhi, tukiwa ukingoni mwa lile shimo, tuliona ndege wawili wadogo wamekufa chini kwenye majani, karibu na fasi tulipokuwa tumeweka sufuria. Hakuna aliyeshuka kuwaangalia.