Hata Meno ya Utoto Yatunzwe

Hospitalini tunaletewa watoto wasiolala usiku kwa maumivu ya jino. Mara nyingi mama husema, "Ni meno ya utoto tu, yatang'oka." Lakini jino bovu hutunga usaha, na mtoto hushindwa kula.

Meno huozaje? Vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi inayomomonyoa jino. Utafiti ulioanza mwaka 1945 huko Vipeholm, Uswidi, ulionyesha kuwa sukari iliyoliwa pamoja na chakula iliharibu meno kidogo tu, bali peremende za kunata zilizoliwa kati ya mlo na mlo ziliyaozesha upesi. Waliofanyiwa utafiti huo walikuwa watu wenye ulemavu wa akili, na hawakuombwa ridhaa. Waliumizwa, basi tusilipuuze somo lililotokana na maumivu yao.

Tunashauri hivi:

1. Pipi, soda na chai yenye sukari visitolewe kila mara. Mtoto asilale na chupa ya maziwa mdomoni.

2. Jino la kwanza likiota, anzeni kulisafisha asubuhi na kabla ya kulala. Mzazi mwenyewe amswakie mtoto mdogo.

3. Tumieni dawa ya meno yenye floridi: kiasi cha punje ya mchele kabla ya miaka 3, kisha punje ya njegere hadi miaka 6.

4. Mkiona doa jeupe au la kahawia kwenye jino, mleteni mtoto mapema. Msingoje shavu livimbe.