Hifadhi ya Mito ya Mlima Meru: Kazi ya Kamati za Wananchi Kuanzia Sakina Hadi Bondeni

Sakina ni eneo la makazi lililopo upande wa kaskazini-magharibi wa mji wa Arusha, kandokando ya barabara kuu iendayo Namanga. Sehemu ambazo zamani zilikuwa mashamba ya migomba na kahawa, leo zina nyumba, maduka na gereji zilizosongamana. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha, na Sensa ya 2022 ikahesabu watu 617,631. Kila kaya iliyoongezeka imeongeza choo, jaa la taka na maji ya kufulia. Yote hayo yako juu ya mteremko wa Mlima Meru, ambao maji yake hayana njia nyingine ila kushuka mtoni.

Mito ya Burka, Ngarenaro, Naura, Goliondoi na Themi hutoka katika mteremko wa kusini wa mlima huo na kupita katikati ya makazi. Sehemu kubwa ya maji yake hukusanyika katika mto Themi, ambao huingia mto Kikuletwa. Kikuletwa nao hukutana na mto Ruvu utokao Kilimanjaro katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo maji huendelea kwa jina la Pangani, yakaendesha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Hivyo basi, anayetupa taka katika kijito cha Arusha anatupa katika maji ambayo watu wa wilaya nyingi wameyasubiri.

Vyanzo vya uchafuzi vinafahamika. Kwanza ni vyoo vilivyochimbwa karibu mno na kingo za mito, na tabia ya kutapisha vyoo wakati wa mvua kubwa. Pili ni taka ngumu, hususan plastiki, zinazoziba mikondo na kusababisha mafuriko. Tatu ni mafuta machafu ya gereji na uoshaji wa magari mtoni. Nne ni mbolea na dawa za wadudu kutoka katika bustani za mboga zinazolimwa hadi ukingoni. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini mwaka 2015, na kuenea Bara na Visiwani, ulionesha jinsi kinyesi kinachofika katika maji kinavyorudi mezani kwa njia ya maji ya kunywa na mboga zisizooshwa vyema.

Lipo jambo jingine linalofanya uchafuzi wa mito ya Meru uwe hasara isiyofidika kwa urahisi. Meru ni mlima wa volkano, na maji mengi yaliyokaa katika miamba yake yana madini ya floraidi kwa wingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Katika sehemu nyingi za Arumeru kiwango hicho hupitwa kwa mbali. Floraidi ikizidi, meno ya watoto hubadilika rangi na kuwa ya kahawia, na kwa wanaoitumia kwa miaka mingi mifupa huathirika. Kuchemsha maji hakuiondoi, bali huiongeza, kwa kuwa maji hupungua na madini hubaki. Kituo cha utafiti kilichopo Ngurdoto kimekuwa kikitumia mkaa wa mifupa ya wanyama kuchuja madini hayo, lakini njia hiyo yahitaji uangalizi wa mara kwa mara.

Maana yake ni kwamba mwananchi wa maeneo haya hawezi kuacha kijito kilichochafuka, akachimba kisima popote na kudhani ameokoka. Chemchemi na vijito vyenye floraidi kidogo ni hazina, kwa sababu maji yake hunyweka, na pia yanaweza kuchanganywa na maji ya visima ili kupunguza ukali wa madini. Chemchemi ya namna hiyo ikiingiwa na uchafu, wananchi hupoteza mambo mawili kwa wakati mmoja.

Kwa bahati njema, utaratibu wa kulinda maji si mgeni kwa Waarusha na Wameru. Kwa vizazi vingi wameyaongoza maji ya mito kwa mifereji hadi mashambani. Kila mfereji huwa na kamati na mwenyekiti wake. Hupanga zamu za kumwagilia, huita watu kwenye msaragambo wa kuzibua mfereji, na humtoza faini asiyefika au anayekiuka zamu. Pale maji yalipopungua, watumiaji wa mifereji mbalimbali ya mto mmoja waliunda kamati za mto, ili wa juu na wa chini wakae katika kikao kimoja.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 iliipa desturi hiyo nguvu kwa kutambua Jumuiya za Watumia Maji, zinazofanya kazi chini ya Bodi ya Maji ya Bonde, ambayo kwa mito hii ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Sheria hiyo, pamoja na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zimeweka eneo la mita 60 kutoka chanzo cha maji au ukingo wa mto kuwa eneo la hifadhi. Ifahamike kwamba sheria hizo zinatumika Tanzania Bara.

Ugumu upo katika utekelezaji. Katika kiwanja kidogo cha mjini, mita 60 huweza kumeza kiwanja chote, na aliyenunua kwa jasho lake hukiona kipimo hicho kama adhabu. Hapo ndipo kamati ya wananchi inapofaa kuliko amri peke yake. Kamati humfahamu mwenye kiwanja. Humshawishi kuhamisha choo, kuacha kulima ukingoni, kung'oa mikaratusi inayokunywa maji mengi na kupanda miti inayohifadhi chemchemi, kama mikuyu. Anayekaidi baada ya kuonywa, ndipo hupelekwa mbele ya vyombo vya sheria.

Hata hivyo, kamati haziwezi kubeba mzigo wote. Mradi mkubwa wa maji na usafi wa mazingira wa Jiji la Arusha, uliotekelezwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulijenga mabwawa mapya ya kusafisha majitaka huko Terrat badala ya yale ya zamani ya Lemara. Lakini nyumba isiyounganishwa na bomba la majitaka huendelea kutegemea shimo, na shimo lililojaa lahitaji gari la kunyonya, si mvua ya masika.

Kwa wakazi wa Visiwani, mfano huu una maana ya karibu. Unguja na Pemba hutegemea zaidi visima na chemchemi, kama zile za Mtoni na Bububu, ambazo zimelihudumia Mji wa Zanzibar tangu enzi za Sultani Barghash. Katika mawe ya matumbawe uchafu hupenya upesi kama maji ya mvua, wala hauonekani ukipita kama unavyoonekana mtoni. Kwa hiyo masheha, kamati za maji na watumishi wanaohusika wanayo sababu ya kujua kila choo na kila jaa lililo karibu na kisima cha jirani. Maji yakishachafuka chini ya ardhi, hakuna msaragambo utakaoweza kuyazibua.