Panga moja, mpini gani?

Kwa shamba la Masisi, huku Kivu Kaskazini, nunua panga lenye mpini wa mti. Kwa wilaya jirani ya Walikale jibu halinyooki hivyo, na sababu ni maji.

Kwanza tujue tunachouziwa. Mipini mingi myeusi inayoitwa ya mpira sokoni ni plastiki ngumu. Bonyeza kwa ukucha: mpira hubonyea na kurudi, plastiki haibonyei na ikilowa huteleza. Muuzaji akikutoza zaidi kwa sababu ya "mpira", fanya jaribio hilo mbele yake.

Masisi ni nchi ya milima, malisho, maharage na viazi. Anayefyeka kwenye mteremko hushika panga tangu asubuhi, na mpini wa mti uliolainika kwa matumizi huzunguka kidogo kiganjani bila kuchubua. Mpira hung'ang'ania ngozi, na malengelenge huja mapema. Ubaya wa mti ni kwamba huvimba ukilowa, husinyaa ukikauka, na kila mzunguko wa namna hiyo huzilegeza ribiti. Panga lililolegea ni hatari, hasa ukiwa na mtu anayelima chini yako kwenye mteremko.

Lakini mti hutengenezeka. Ribiti hutolewa kwa nyundo, msumari uliokatwa hushika nafasi yake, na mti wenyewe uko: mikaratusi imejaa vilimani, mipera iko nyumbani kwa watu. Mpera ni mzuri kuliko yote kwa kazi hii, mgumu na wenye nyuzi zilizoshikana. Mkaratusi mbichi hupasuka, kwa hiyo pasua gogo kwa kufuata nyuzi, epuka kiini cha katikati, kisha uweke vipande juu ya jiko vikauke polepole kwa wiki kadhaa. Parachichi liache, mti wake ni laini mno.

Plastiki haina njia hiyo. Humiminwa ya moto kuzunguka mkia wa chuma, na ikipasuka hakuna fundi wa kijijini anayeweza kuirudisha. Tupige hesabu kwa bei za mfano tu. Panga la plastiki la franka 10,000 likidumu misimu miwili, kila msimu umekugharimu 5,000. La mti la 12,000, ukiongeza 2,000 za mpini mpya, likidumu misimu minne, kila msimu ni 3,500. Weka bei za soko lako, lakini usiache kugawanya kwa misimu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kutu. Kwenye mpini wa mti wenye vipande viwili, mkia wa chuma unaonekana pembeni kote. Ndani ya plastiki umefichwa. Maji hupenya shingoni, chuma kinaliwa gizani, na siku moja panga linakatika ukiwa umelinyanyua.

Sasa Walikale. Huko ni msitu wa bonde, joto na mvua, na mikono yenye mawese. Mti haupati nafasi ya kukauka, huota ukungu na kuoza kwenye ribiti. Kwa kisu cha kuchuna nyama au kusafisha samaki, mpini wa kumiminwa unafaa kweli: unaoshwa na haunywi damu. Ila mpira halisi una adui mkubwa hukohuko. Mafuta huuvimbisha na kuufanya unate, na jua huupasua. Bidhaa nazo hufika Walikale kwa shida. Zamani mgodi wa Bisie ulipochimbwa kwa mikono, ndege zilitua barabarani pale Kilambo kuchukua kasiteriti, madini ya bati; barabara ikiharibika au vita ikifunga njia, kama ilivyokuwa 2025, kinachopatikana dukani ndicho unachonunua, kwa bei utakayoambiwa.

Ndiyo maana kwa panga la shamba, hata Walikale, ninashikilia mti, kwa kuwa hutengenezeka palepale, lakini mti uliovikwa. Chukudu, ile baiskeli ya mti ya kusukuma mizigo, hutembea hivyohivyo: gurudumu la mti, mpira juu yake. Pasha moto nta ya nyuki, ipake kwenye mpini mkavu hadi ikolee, kisha uzungushie ukanda wa mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki ukiuvuta sana. Usitumie mawese badala ya nta. Hayakauki, na yataula mpira. Mvua kubwa ikishakunyeshea, fungua ukanda jioni, mti upumue mbali na moto, uufunge tena asubuhi.

Mwenye fedha ya panga moja tu achukue la mti, na kipande cha mpira akiombe kwa fundi wa pikipiki.