Kuisema soneti ya mapenzi mbele ya watu wa Voi

Tumezoea kumwona mwanafunzi kwenye tamasha za drama za shule: akitaja moyo anagusa kifua, akitaja mwezi ananyoosha kidole juu. Ndivyo wengi wetu hapa Taita Taveta tulivyofundishwa kukariri. Shairi la mapenzi haliwezi mtindo huo. Nani anamwambia mpenziwe maneno ya kweli huku akimchorea picha hewani?

Mimi huigiza soneti za Shakespeare kwa Kiswahili, tafsiri yangu mwenyewe. Ziko 154, zilichapwa London mwaka 1609, na karibu zote zina mistari 14. Kabla ya kukariri natafuta mahali msemaji anapobadili mawazo. Mara nyingi ni mstari wa 9. Miwili ya mwisho hufunga hoja.

Chukua ile ya 18. Msemaji anauliza kama amfananishe mpenziwe na siku ya kiangazi. Uingereza hiyo ni sifa, maana jua lao ni la kuhesabu. Ukiitamka Voi watu wanacheka, na wana haki: kiangazi chetu ni mahindi kunyauka na ndovu wa Tsavo kuingia mashambani. Wenzangu walinishauri niseme kipupwe. Nilikataa, kwa sababu mbele kidogo msemaji mwenyewe anakitia kiangazi kasoro: upepo mkali, jua linalochoma, msimu usiodumu. Basi nakiacha kicheko kiishe, halafu nalitaja jua hilo kana kwamba nakubaliana na waliocheka. Hapo wako nami. Ukifika mstari wa 9, kwamba uzuri wa mpenzi hautapita kama msimu, ukumbi unanyamaza. Wundanyi, kule juu kwenye ukungu, hakuna anayecheka. Jua kwao ni neema, na mstari wa kwanza unapita kama sifa tu.

Shairi letu la Pwani lina mtego mwingine. Mizani 16, vina kati na mwisho, na mahadhi yanayolevya hadi msikilizaji anasahau kinachosemwa. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840, na diwani yake ikachapwa 1940. Katikati hapo nyingi ya beti zake zilibebwa na vichwa vya watu. Zake za mapenzi nazisema kwanza bila sauti ya kughani, kama mtu aliyesimama mlangoni kwa mwenzake. Mahadhi baadaye. Na kwa shairi lolote lenye kituo kinachorudiwa, kila kikirudi nakipa sababu mpya: mara ombi, mara lawama.

Limebaki suala la macho. Simtazami dada wa mstari wa mbele. Huenda mumewe ameketi kando yake! Namweka mtu asiyeonekana kwenye kiti cha nyuma kabisa, naongea naye yeye peke yake. Wengine wanasikiliza kama majirani waliosikia sauti ukutani. Mzee asiyependa mambo ya mapenzi hadharani anaweza kukaa bila kuinamisha kichwa, maana si yeye anayeambiwa, wala si mkewe.