Waya wa Moto wa Ufunguo: Kuunga Ignisheni ya Elektroniki Katika Gari la Zamani

Wako wakulima wa skimu za Kinangop na Ol Kalou ambao mpaka leo huleta viazi na kabeji zao soko la Kangemi kwa pikapu za Peugeot, au kwa Land Rover za petroli zilizonunuliwa na baba zao. Magari hayo si ya kudharauliwa. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya East African Safari mwaka 1963, ikashinda tena mwaka 1966, 1967 na 1968, na barabara za siku hizo kila mtu azijuaye atakwambia zilikuwa tope na mawe. Lakini injini ya petroli ya zamani ina ugonjwa mmoja usioisha, nao ni pointi. Pointi huungua, husagika, nafasi yake hubadilika, na gari hukohoa likipanda na mzigo.

Kwa hiyo wenye magari wengi siku hizi hununua kifaa cha elektroniki cha kuwekwa mahali pa pointi, ndani ya distributa ile ile. Kazi yenyewe ni ndogo, na fundi mzuri huimaliza kabla chai haijapoa. Hata hivyo magari kadhaa hurudi gereji baada ya wiki mbili, kifaa kimekufa, na mwenye gari anadai kwamba ameuziwa bidhaa mbovu. Mara nyingi lawama hiyo haina haki. Kifaa kilikuwa kizima. Aliyekiunga ndiye aliyechukua moto kutoka waya usiofaa. Mzigo wa kabeji uliokwama Kimende usiku kucha hauwezi kungoja mabishano hayo, na kwa hiyo yafaa mwenye gari ajue habari ya waya huu mmoja yeye mwenyewe, hata kama hatashika bisibisi.

Kwanza tukumbuke kazi ya pointi. Mtindo huu wa kuwasha petroli ulitengenezwa na Mmarekani Charles Kettering zaidi ya miaka 100 iliyopita. Umeme wa betri hupita katika koili, kisha hupita katika pointi na kuingia bodi ya gari. Pointi zikifunguka, umeme hukatika ghafula, na kukatika huko ndiko kunakozaa cheche kali katika plagi. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi sharti zikate umeme mara 6,000 kwa dakika, yaani mara 100 kwa kila sekunde. Si ajabu basi kwamba vipande vile viwili vya chuma huchoka. Kifaa cha elektroniki hufanya kazi hiyo hiyo ya kukata umeme, ila hakina chuma kinachogusana, kwa hiyo hakuna cha kusagika.

Tofauti iko hapa. Pointi hazihitaji kulishwa. Ni swichi tu. Kifaa cha elektroniki sharti kilishwe umeme wake chenyewe ndipo kifanye kazi. Ndiyo sababu kina nyaya mbili. Mweusi huenda upande wa koili uliokuwa wa pointi, wenye alama ya kutoa (−), au herufi CB kwa koili za zamani za Kiingereza, au namba 1 kwa magari ya Kijerumani. Huu haumsumbui mtu. Mwekundu ndio wa chakula, nao ndio huwapoteza mafundi.

Waya mwekundu unataka moto ambao mafundi huuita moto wa ufunguo. Maana yake ni kwamba ufunguo ukiwa umezimwa, waya uwe mfu kabisa. Ufunguo ukiwashwa, uwe na volti 12 kamili. Na ufunguo unapozungushwa zaidi ili starta ivute injini, bado uwe na moto. Waya unaopata masharti mawili na kukosa la tatu haufai, hata kama gari litawaka mbele ya macho yako pale gereji.

Fundi mwenye haraka hupenda waya wa redio, kwa sababu uko karibu na una moto ufunguo ukiwashwa. Lakini katika magari mengi waya wa redio hukatiwa moto wakati starta inapovuta, ili nguvu yote ya betri iende kwa starta. Matokeo yake ni haya: starta inavuta na kuvuta, injini haishiki hata kidogo, kisha unapochoka na kuachia ufunguo, injini inashika katika ule mzunguko wa mwisho. Mwenye gari hufikiri kabureta ina maji au betri imezeeka. Asubuhi ya baridi ya Kinangop betri huisha kabla ya bahati hiyo kupatikana.

Wengine hutoa moto moja kwa moja kwa betri. Hapo kifaa hakilali, hunywa betri polepole hata gari likiwa ghalani. Ubaya zaidi ni pale fundi anapoitoa koili yenyewe pia kwa betri: ufunguo hauwezi tena kuizima injini, na ikizimika kwa njia nyingine, koili inaweza kuendelea kuvuta umeme. Koili ya omu 3 kwa volti 12 huvuta ampia 4. Betri ya ampia-saa 60 itakuwa imekauka kwa saa 15, na koili itakuwa ya moto kiasi cha kuunguza mkono. Gari la namna hiyo lisilazwe karibu na nyasi kavu.

Kosa la tatu ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu linaonekana kuwa sawa. Fundi huunga waya mwekundu upande wa kuingiza (+) wa koili. Ni karibu, ni rahisi, na karatasi za vifaa vingine huonyesha hivyo. Kwa gari lisilo na balasti hakuna ubaya, na Land Rover nyingi za silinda 4 hazikuwekewa balasti. Lakini Ford Escort na Cortina za miaka ya 1970, Datsun za miaka hiyo hiyo, na magari mengine mengi, yana balasti.

Balasti ni nini? Mkulima wa shamba la kumwagilia ataelewa upesi. Ukiweka jiwe katika mdomo wa mfereji mdogo, maji yaliyo mbele ya jiwe hushuka, na yaliyo nyuma yake hubaki juu. Balasti ni jiwe hilo katika njia ya umeme wa koili. Betri ina volti 12, lakini koili yenyewe hupata volti 6 hadi 9 tu injini inapofanya kazi, nayo iliundwa kwa kiasi hicho. Starta inapovuta, waya mwingine hulizunguka jiwe hilo na kuipa koili nguvu yote ya betri, ili cheche iwe kali wakati betri imelemewa. Katika Datsun balasti ni kipande cheupe cha kauri kando ya koili, rahisi kukiona. Katika Ford ni waya mrefu wenye ukinzani, umefichwa ndani ya kifungu cha nyaya nyingine, wala hakuna atakayeuona kwa macho.

Sasa kifaa kilichofungwa upande wa koili hupata moto wa kutosha starta inapovuta, na injini huwaka vizuri. Ukiachia ufunguo, moto hushuka hadi volti 6, na injini huzima au hukohoa. Tazama basi jinsi dalili hizi mbili zinavyopingana: injini inayoshika unapoachia ufunguo ina waya wa redio, injini inayozima unapoachia ufunguo ina balasti mbele ya kifaa. Mwenye gari akiyajua hayo mawili hataibiwa kwa kuuziwa kabureta.

Dawa yake si kuitupa balasti. Wako wanaofanya hivyo, na gari hupiga mbio nzuri kwa siku chache. Koili ya omu 1.5 bila balasti huvuta ampia 8, nayo huungua pamoja na kifaa kipya. Iache balasti iendelee kuitumikia koili, na waya mwekundu wa kifaa uchukuliwe kabla ya balasti, mahali maji yalipo bado juu.

Katika Land Rover na magari mengine mengi ya Kiingereza ya zamani, rangi za nyaya husaidia sana kama hakuna aliyezibadilisha. Waya wa kahawia una moto daima. Mweupe ni moto wa ufunguo usiopita katika fyuzi. Wa kijani ni moto wa ufunguo uliokwisha kupita katika fyuzi. Kisanduku chao cha fyuzi mara nyingi kina alama A1, A2, A3 na A4. Waya mweupe huingia A3 na wa kijani hutoka A4. Chukua moto wa kifaa A3, kwa mweupe. Ukichukua A4 gari litawaka vile vile, lakini siku waipa au taa za breki zitakapopiga shoti, fyuzi itakatika na injini itazima pamoja nazo, pengine mvua ikinyesha na lori nyuma yako. Katika Volkswagen tafuta namba 15. Namba 30 ni moto wa daima na 50 ni wa starta.

Usiamini rangi peke yake. Gari lenye miaka 50 limepita mikononi mwa mafundi wengi, na kila mmoja aliunga kwa waya aliokuwa nao. Pima. Taa ndogo ya kupimia yatosha kuonyesha kama kuna moto au hakuna, lakini haiwezi kutofautisha vizuri volti 12 na volti 8, kwa hiyo mita ni bora. Mweke mtu mmoja katika usukani na gia ikiwa huru. Pima ufunguo ukiwa umezimwa, pima ukiwashwa, kisha mwambie avute starta nawe utazame mita. Moto utashuka kidogo starta ikivuta, labda hadi volti 10, na hiyo si hitilafu. Ukishuka hadi sifuri, tafuta waya mwingine.

Kuna magari ambayo waya sahihi umepatikana lakini hauleti volti 12, kwa sababu swichi ya ufunguo imechakaa ndani. Betri ina volti 12.5, na waya una 10 tu. Hapo weka rilei, ile ndogo ya miguu minne ipatikanayo duka lolote la vipuri. Mguu 86 hupokea waya dhaifu wa ufunguo, 85 huenda bodi, 30 hupokea moto wa betri kupitia fyuzi iliyo karibu na betri yenyewe, na 87 hupeleka moto safi kwa kifaa. Kama koili haina balasti, nayo ilishwe kutoka 87. Kama inayo, moto wa 87 upite kwanza katika balasti hiyo. Swichi iliyochoka haitabeba tena mzigo, itaamuru tu. Mimi ningeweka rilei katika gari lolote lenye swichi yake ya kwanza, kwani bei yake ni ndogo kuliko gunia moja la viazi.

Kabla ya kununua kifaa, funua boneti utazame ni upande gani wa betri uliofungwa kwenye chasisi. Land Rover nyingi za kabla ya mwaka 1967 zilifungwa upande wa kuongeza (+) kwenye bodi, kinyume cha magari ya sasa. Nyingine zimekwisha kugeuzwa zilipowekewa alternata. Kifaa cha upande mmoja kikifungwa kwa upande wa pili hufa papo hapo, na dukani hawatakirudisha. Yote niliyoeleza juu ya waya mwekundu na mweusi ni kwa gari lenye upande wa kutoa (−) kwenye bodi. Kwa lile jingine fuata karatasi ya kifaa chake.

Pima pia koili. Vifaa vingi vya injini za silinda 4 vinataka koili ya omu 3, au jumla ya omu 3 pamoja na balasti, na karatasi itasema. Nyaya za plagi ziwe za ukinzani, zile zenye kaboni ndani, kwa maana nyaya za shaba tupu huvuruga kifaa. Ndani ya distributa kuna kiwaya kifupi kilichosukwa kinachounga sahani na bodi. Kikikatika, kifaa hukosa njia ya kurudishia umeme, na hakuna waya mwekundu utakaoponya hilo. Unga viungo kwa kubana au kwa risasi, wala si kwa kusokota na kufunga plastiki, kwani barabara ya Njabini hadi Flyover hulegeza kila kilichosokotwa.

Gari likikwisha, usimlipe fundi kabla ya kulizima na kuliwasha mara tatu, injini ikiwa baridi ikiwezekana, huku ukiangalia kama linashika starta ikiwa bado inavuta. Wala usiache ufunguo umewashwa injini ikiwa imezimika, kwa mfano ukisikiliza habari huku mizigo ikipakuliwa sokoni. Vifaa vya bei nafuu huungua kwa njia hiyo kwa dakika chache.

Pointi za zamani na kondensa yake zifungwe katika mfuko wa plastiki, ziwekwe chini ya kiti pamoja na bisibisi na kipimo cha nafasi ya milimita 0.4. Kifaa kikifa usiku njiani, hizo hurudishwa kwa nusu saa chini ya mwanga wa tochi, waya mwekundu ukafungwa kwa utepe usiguse bodi, na mzigo ukafika Kangemi kabla ya wanunuzi kutawanyika.