Chipu Iliyozidiwa na Nuru

Mwezi wa Februari 2015, siku chache baada ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 2 kutoka Uingereza kuingia sokoni kwa bei ya dola 35, lilidhihirika jambo ambalo wanunuzi wake hawakuwahi kulitia akilini: mtu akiipiga picha kwa karibu, kwa kamera yenye flashi ya zenoni, kompyuta huzimika papo hapo na kujiwasha upya, pasi na kuungua kitu. Flashi za LED zilizomo katika simu nyingi hazikuisumbua hata kidogo, ilhali mwali wa leza uliisumbua; na hapo ndipo wenye maarifa walipoanza kushuku kuwa sababu ni nuru yenyewe.

Mkosaji alikuwa chipu ya kubadili umeme, iliyoandikwa U16 juu ya bodi. Kazi ya chipu za namna hii ni kupokea umeme wa volti 5 na kuushusha hadi kiasi kinachostahimiliwa na kichakataji, kwa kuukata na kuuachilia mara nyingi mno katika kila sekunde, huku koili na kapasita zikiulainisha. Na ili isizidishe wala isipunguze, chipu hupima daima volti inayoitoa, ikailinganisha na kipimo ilichowekewa ndani yake. Saketi za upimaji huo hutegemea mikondo midogo sana ya umeme, na kila mkondo mgeni unaopenya humo huipotosha hukumu yake, mithili ya mizani ya sonara iliyopulizwa na upepo.

Basi mkondo ule mgeni ulitoka wapi? Silikoni, kwa tabia yake ya asili, ikipigwa na nuru yenye urefu wa wimbi usiozidi takriban nanomita 1,100, huachilia elektroni zikawa huru kutembea, na kwa kanuni hiyo hiyo paneli za sola zilizo juu ya mapaa yetu hutupa umeme. Kwa hiyo chipu aghalabu hufunikwa kwa plastiki nyeusi, ingawa kazi kubwa ya plastiki ile ni kuikinga na unyevu na migongano. U16 haikuwa na vazi hilo: ni ya aina inayobandikwa kwenye bodi ikiwa kipande kitupu cha silikoni, ili ichukue nafasi ndogo kabisa. Ndani ya simu, ambamo ni giza tupu, chipu ya namna hiyo haina lawama. Lakini hapa iliwekwa juu ya bodi ambayo watu huinunua makusudi ili waitazame na kuichezea ikiwa wazi. Naona si insafu kumtupia lawama yote aliyeisanifu chipu wala aliyeisanifu bodi, kwani hitilafu ilizaliwa pale dhana ya mmoja kuhusu makazi ya chipu ilipopishana na matumizi ya mwingine.

Namna jambo lilivyoshughulikiwa yastahili kusifiwa. Ilithibitishwa ni chipu ipi kwa kuizibia nuru na kuona dalili inatoweka. Kisha waundaji wa kompyuta hiyo wakaeleza hadharani, kabla ya nusu ya mwezi huo kupita, chipu ni ipi, iko mahali gani, na kwamba kuifunika kwa kitu kisichopitisha nuru, hata gundi laini ile ya kubandikia karatasi ukutani, kwatosha. Hawakuwataka watu warudishe mali, nao walikuwa na haki, maadamu hitilafu haikuharibu kifaa na dawa iligusa shina lake. Si kila hitilafu ya silikoni hukubali dawa nyepesi hivyo: Januari 2011 kampuni ya Intel ilisimamisha upelekaji wa chipu zake za Cougar Point, kwa kuwa transista moja ilipewa volti kubwa kuliko inavyostahili na ingedhoofika kadiri miaka inavyopita, na gharama ya kutengeneza na kubadilisha ilikadiriwa kufika dola milioni 700.

Linalonisikitisha ni kwamba onyo lilikuwapo. Mwaka 1997, katika kituo cha nishati ya nyuklia cha Haddam Neck nchini Marekani, flashi ya kamera iliangukia chipu ya kumbukumbu ndani ya kabati la mitambo ya kuzimia moto, na gesi ya haloni ikafumuka katika chumba cha kuongozea mitambo. Pamoja na hayo, vipimo vya bodi mpya huhesabu joto, unyevu na mtetemo, nayo nuru mara nyingi husahauliwa.

Fundi anayeunda kifaa chenye chipu tupu ya kubadili umeme na aimulike kwa flashi ya zenoni ingali inafanya kazi, kifuniko kikiwa wazi, kabla ya kuagiza bodi kwa wingi. Na akiona dalili, aidondoshee gundi nyeusi ya epoksi, kwani vanishi angavu ya kukinga unyevu huiacha nuru ipite, na kasha la plastiki angavu, ambalo wanunuzi wengi hulipenda kwa uzuri wake, huipitisha vilevile.