Kijiji Kisichouza Mchele

Ndugu msomaji, hebu nianze kwa kukuuliza swali. Kwenu mkivuna, chakula hukaa nyumbani miezi mingapi? Kwetu sisi mahindi huvunwa kuanzia Oktoba. Kufika Januari karo inadaiwa, na broka na lori lake amesimama mlangoni. Tunampa magunia kwa bei anayoitaka yeye. Ikifika Juni, tunayanunua mahindi yale yale kwa gorogoro, na bei imeshapanda. Nimekua nikiona hivyo, nami nikadhani ndivyo mkulima alivyoandikiwa duniani kote.

Kumbe sivyo! Muhula uliopita mwalimu wetu wa Jiografia alitupa zoezi la kutafuta habari za kilimo cha mpunga katika bara la Asia. Ndipo nilipokutana na kijiji kiitwacho Ciptagelar. (Herufi C ya kwao husomwa kama ch yetu.) Sijafika huko, wala nauli sina, lakini niliyoyasoma yalinikosesha usingizi.

Ciptagelar kiko nchini Indonesia, magharibi mwa kisiwa cha Jawa, katika wilaya ya Sukabumi. Kimejificha katika milima ya Halimun, kusini ya jiji la Jakarta. Wenyeji ni Wasunda. Kiongozi wao wa kimila huitwa Abah, yaani baba. Anapopata agizo la wahenga kwamba kijiji kikuu kihame, watu huhama. Walihamia hapo walipo mwaka 2001, wakitoka mahali palipoitwa Ciptarasa. Abah wa sasa, Abah Ugi, alirithi kazi hiyo mwaka 2007 baba yake alipofariki, naye akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kidogo.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Katika jamii hii ni mwiko kuuza mchele. Si kwamba ni vibaya tu, ni mwiko kabisa. Wanasema mpunga ni uhai, na anayeuza mchele ameuza uhai. Sisi wapenzi wa Kiswahili tunajivunia kuwa na mpunga, mchele na wali, maneno matatu kwa kitu ambacho wengine wanakipa jina moja tu. Wasunda nao wanayo matatu: pare, beas na sangu. Watu wenye maneno mengi kwa chakula kimoja, jua kwamba hawakichezei.

Utaniuliza, usipouza unakifanyia nini? Jibu liko katika leuit. Leuit ni ghala la mpunga lililojengwa kwa mbao na mianzi, likainuliwa juu ya nguzo na kuezekwa paa la mteremko. Mpunga hukatwa suke kwa suke kwa kisu kidogo kinachofichwa kiganjani. Hufungwa matita, huanikwa juani kwenye vichanja vya mianzi, kisha hupangwa ghalani ukiwa bado katika masuke. Ukihifadhiwa hivyo hudumu miaka kadhaa. Siku ya kupika, wanawake hutoa tita na kutwanga katika kinu kirefu cha mti. Mashine ya kukoboa ni marufuku.

Zaidi ya maghala ya familia, kuna ghala moja la wote liitwalo Si Jimat. Kila mwaka, katika sherehe ya mavuno iitwayo Seren Taun, kila nyumba hutoa sehemu ya mpunga wake ukaingia humo. Mtu akipungukiwa, hukopa humo na kulipa avunapo. Hapo hapana broka wala lori. Nilipofika hapo nilifunga kitabu kwanza nikatulia.

Jambo la pili: wanapanda mpunga mara moja tu kwa mwaka. Wanasema ardhi ni mama, na mama hazai mara mbili kwa mwaka mmoja. Mwanafunzi mwenzangu alicheka akasema huo ni ushirikina. Lakini hebu tutazame historia. Katika miaka ya 1970 serikali ya Indonesia iliwahimiza wakulima wapande mbegu mpya zinazokomaa upesi, wavune mara mbili au tatu, na watumie mbolea na dawa za dukani. Mchele uliongezeka kwelikweli, na mwaka 1984 nchi ikajitosheleza. Hilo si jambo dogo. Lakini pia walizuka wadudu wadogo wa rangi ya kahawia wanaofyonza utomvu wa mpunga. Kwa kuwa mpunga ulikuwa shambani mwaka mzima, wadudu hawakukosa chakula hata siku moja. Dawa nazo ziliwaua buibui waliokuwa wakiwala wadudu hao. Mwaka 1986 serikali yenyewe ikapiga marufuku aina 57 za dawa zisitumiwe katika mpunga.

Umeona? Ciptagelar wanapanda kwa wakati mmoja na kuvuna kwa wakati mmoja, kisha mashamba yanapumzika. Mdudu akija hakuti mpunga, anakufa njaa. Mama ardhi anapumzika, naye mdudu anafunga bila kupenda!

Na wanajuaje wakati wa kupanda? Wanatazama mbinguni. Kuna kundi la nyota waliloliita Kerti. Likionekana, watu huandaa vyuma vyao, yaani majembe na mapanga. Zikifuata nyota tatu zilizojipanga mstari, wanazoziita Kidang, huteremka shambani. Nilipochunguza nikakuta Kerti ndicho Kilimia chetu, kile ambacho mabibi na mababu zetu walikitazama ili wajue msimu wa kulima. Jina lenyewe limetokana na kulima! Wangapi kati yetu tunaweza kukionyesha leo usiku?

Usidhani, hata hivyo, kwamba watu hawa wamelala. La hasha! Wana umeme wanaouzalisha wenyewe kwa mitambo midogo inayozungushwa na maji ya mto. Tangu mwaka 2008 wana hata kituo chao cha televisheni, CIGA TV. Wanachagua kipi kiingie na kipi kibaki nje: televisheni imekubaliwa, mashine ya kukoboa imekataliwa.

Nilipofunga shule nilimsimulia mama habari hizi tukiwa jikoni. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hao watu wako, karo wanalipa na nini?" Swali hilo lilinibana. Nikamjibu kwamba mwiko ni wa mchele tu. Mboga wanauza, matunda wanauza, na sukari guru wanayoipika kutokana na utomvu wa mti wa jamii ya mnazi wanauza. Wengine hufanya kazi za mshahara. Pesa wanazitafuta kama sisi, ila hawazitafuti ndani ya ghala.

Mama hakusema kitu, akaendelea kusonga ugali. Lakini baada ya mavuno broka alipokuja, magunia manne yalikuwa yameshatengwa chumbani, na mama akamwambia hayo hayauzwi. Karo yangu ililipwa kwa mahindi yaliyobaki na jogoo wawili, na salio bado tunadaiwa. Sijui magunia hayo yatafika Juni au la. Ila wahenga walinena kwamba akiba haiozi, nami naamini walikuwa wamesimama karibu na ghala waliposema hivyo.

Ndugu msomaji, mkivuna mwaka huu, kabla lori halijafika mlangoni, uliza kwenu: gunia letu lisilouzwa ni lipi?